Koyasan: lala huko, usiende na kurudi

Nilikuwa nimepanga kwenda Koyasan, mji wa mahekalu ya Kibudha mlimani huko Japani, asubuhi na jioni nirudi Osaka. Rafiki aliyenitangulia akanikataza: "Ukiondoka jioni, hujafika." Nikalala hekaluni usiku mmoja, na leo kila anayeniuliza namwambia hivyo hivyo.

Treni ya kampuni ya Nankai inakutoa kituo cha Namba, Osaka, hadi Gokurakubashi, yaani Daraja la Peponi. Hapo unapanda kiberenge kinachovutwa mlimani kwa kamba ya chuma, dakika tano tu, kisha basi, kwa sababu barabara ya kutoka kituoni hairuhusiwi kwa miguu. Juu ni kama mita 800 kutoka usawa wa bahari. Nilikwenda Novemba na baridi ilinishika barabara. Milango ya chumba ni ya karatasi. Beba soksi nzito.

Chakula ni cha watawa, shojin ryori: hakina nyama, samaki wala vitunguu. Kwa Mwislamu ni nafuu kubwa, ila sema mapema usitiliwe sake au mirin, pombe za mchele, kwa kuwa hutumika hata kwenye mboga. Mimi nilisema siku ya kuweka nafasi na wakazingatia. Koyadofu, tofu (jibini la soya) iliyogandishwa kisha ikakaushwa, hunywa mchuzi kama mkate uliochovywa. Niliimaliza yote.

Lakini kilichonipeleka ni Okunoin, eneo la makaburi. Njia ya kilomita mbili, makaburi zaidi ya 200,000, mierezi iliyoishi mamia ya miaka, mawe yaliyoota kijani kwa unyevu. Nilipita usiku, taa za mawe zikiwaka, nikisikia matone yakianguka kutoka matawini. Kwetu Tanga makaburini usiku watu huharakisha. Pale nilijikuta napunguza mwendo.

Mwisho wa njia amelala Kukai, mtawa aliyeanzisha Koyasan mwaka 816. Nimekosea kusema amelala. Waumini wake hawasemi kwamba alikufa mwaka 835. Wanasema yumo katika tafakuri mpaka leo, na kila siku hupelekewa chakula, saa kumi na mbili asubuhi na saa nne na nusu. Niliiona ile ya pili, ambayo anayetoka Osaka asubuhi si rahisi aiwahi. Watawa wawili wamebeba sanduku jeupe la mbao, mkubwa wao mbele, hawaongei. Ukivuka Gobyobashi, daraja la kuingilia kwa Kukai, kupiga picha ni marufuku, na ni vizuri iwe hivyo.

Lawama yangu ni moja. Hekalu nililolala lilipokea fedha taslimu tu, na hawakunieleza mapema. Nililipa yeni 15,000 pamoja na milo miwili, nikabaki na za basi tu. Nenda na noti mkononi, na ukiweza, kaa siku mbili: ibada ya alfajiri na Okunoin vyote vinataka mtu asiye na treni ya kuwahi.