TAHADHARI: Bodi ya swichi na waya wa "shaba tupu" nusura vinichomee gari na wageni ndani

Ndugu zangu madereva, na nyie wenye Land Cruiser mnaojiandaa kufunga taa za ziada, friji, kompresa na vinginevyo kabla msimu haujachanganya, naomba mnisome. Nimeibiwa. Nimeibiwa mchana kweupe, nimesimama pale pale, macho yangu yanaona, na kidole changu mwenyewe ndicho kilichobonyeza namba ya siri.

Gari yangu ni ya kupeleka wageni porini, watalii.

Shida yangu ilikuwa dashibodi. Swichi za kubandikabandika, kila fundi na yake: taa za mbele, friji, inveta ya wageni kuchajia kamera, redio ya upepo ya kuitana njiani. Nikataka vyote vikae sehemu moja, kila kimoja na rilei yake (ile swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa kwa niaba ya swichi ndogo ya dashibodi) na fyuzi yake. Nikashuka Dar, nikaelekezwa duka fulani la vifaa vya magari. Jina siandiki hapa, shauri liko polisi na nimeambiwa nisiliharibu.

Jamaa kanipokea kwa shikamoo, kanipa kiti, kanitumia kijana maji ya baridi. Juu ya meza ana betri ya N70, boksi jeusi la rilei, bodi ya swichi nane zenye vitaa vya bluu, na taa ndefu ya LED ya wati 180. Akabonyeza. Duka lote likawa jeupe, mteja wa pembeni akafunika macho. Akazima, akawasha tena. Halafu akanishika mkono, akauweka juu ya waya. "Shika mwenyewe mzee wangu. Una moto?" Hauna. Wa baridi kabisa. Akachukua wembe, akachuna ncha, nyuzi zikatoka nyekundu zinang'aa kama bangili mpya. "Shaba tupu hii, milimita 6. Ile ya mtaani ni uchafu." Boksi akaligeuza juu chini nilione: limezibwa na gundi nyeusi pande zote. Akasema vumbi la porini haliingii, maji hayaingii.

Na msiniambie niliamini kijinga. Mtu yule anajua kazi! Aliniuliza kila kifaa kinakula ampea ngapi. Akachana kipande cha boksi la karatasi akapiga hesabu mbele yangu: wati 180 gawanya kwa volti 12, ampea 15. Akanieleza miguu ya rilei mmoja mmoja, 30 umeme unatoka kwenye betri, 87 unakwenda kwenye taa, 86 swichi, 85 ethi, yaani bodi ya gari. Kila neno lilikuwa kweli, hata leo silipingi hata moja. Mtu amekaa na wewe nusu saa anakufundisha mambo ya kweli, utamshuku kwa lipi? Fundi wake akafunga pale pale, kazi ya muda wa saa tatu, waya umepitishwa kwenye mpira, tepu imekazwa vizuri. Nimeendesha magari miaka 19, nikaikagua ile kazi nikairidhia. Nikalipa shilingi 780,000 kwa simu.

Wiki ya tatu niko na wageni wanne, natoka Engaruka kwenda Ziwa Natron. Pancha mbili zikatuchelewesha, giza likatukuta njiani. Nikawasha taa ya juu, friji inafanya kazi, nyuma wageni wamechomeka kompyuta na kamera kwenye inveta. Kitu cha kawaida tu. Baada ya robo saa hivi nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi ukaanza kutokea kwenye matundu ya hewa usoni kwangu. Nikazima swichi. Taa haizimi! Nabonyeza, nabonyeza, inawaka tu. Nikawashusha watu kwa kupiga kelele, nikafungua boneti. Waya ule mkuu ngozi imeyeyuka, umegusa bodi ya gari, umekuwa mwekundu kama kaa la moto, na kutoka hapo hadi mpira wa dizeli hakufiki shubiri. Nikatafuta spana namba 10 mikono inatetemeka, nikafungua kichwa cha betri. Kiganja hiki cha kulia mpaka leo kina kovu. Mgeni mmoja mama analia, mumewe ananitazama hasemi neno. Kutazamwa vile na mtu aliyekukabidhi familia yake, sitasahau.

Fyuzi ya ampea 30, ile ya kijani, ambayo kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua? Nzima. Haijakatika.

Nyumbani nikalipasua lile boksi. Swichi ziko nane, rilei ndani ziko mbili! Nyingine sita ni makopo ya plastiki, hayana kitu, umeme wa swichi nne nne umeunganishwa kwenye rilei moja, na moja ndiyo iliyoganda ikakataa kuzima. Waya nikaukwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe, alumini. Ngozi nene kudanganya jicho, chuma chenyewe ndani chembamba, milimita 6 haifiki hata kwa mbali. Pale dukani ulikuwa wa baridi kwa sababu kaniwashia dakika moja, taa peke yake.

Nikampigia yule muuzaji. "Mzee umezidisha mzigo." Kisha kanifungia namba.

Huyu mtu afungwe. Simaanishi kurudishiwa hela, namaanisha afungwe, na mzigo wake uteketezwe. TBS, wale wa viwango, na Tume ya Ushindani waingie lile duka waondoke na kila kilichopo, maana anajua anachouza. Anayejua hesabu ya ampea namna ile hawezi kusema alikosea. Kuna watu watakufa porini kwa ajili yake.

Mnaonunua: waya ukwangue mpaka katikati, usiishie kwenye rangi. Boksi lisilofunguka liache. Mimi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa mtandao wa mashine unasumbua, na namba niliyolipia ilitoka jina la mwanamke, akasema ni mke wake ndiye mshika hesabu. Nikapita tu. Fyuzi nunua mbili, moja iunguze kusudi kabla hujafunga, uone kama kweli inakatika.

Kama umefungiwa bodi ya vitaa vya bluu na boksi la gundi nyeusi, chomoa waya wake kwenye betri leo hii, usingoje safari iishe. Halafu njoo inboksi tulinganishe duka. Tumeshafika watatu, Jumatatu tunakwenda kuandika maelezo pamoja.