Mnyororo au tairi: kuzungusha pipa la kung'arishia malakiti kwa baiskeli

Kwa fundi wa Lubumbashi anayeng'arisha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, bila kutaka kutegemea umeme, tairi linalosugua pipa huvutia kwa kuwa halihitaji kuchomelea vyuma vingi. Hata hivyo, tairi la kipenyo cha sentimita 66 likizunguka mara 60 kwa dakika hulizungusha pipa la sentimita 30 mara 132, na kwa kasi hiyo mawe hung'ang'ania ukuta wa pipa badala ya kuporomoka na kusuguana. Tena tairi likilowa huteleza. Mnyororo una kazi zaidi, lakini gia ya meno 18 kwenye pedali na ya meno 44 kwenye pipa hushusha mizunguko 60 hadi karibu 25. Mimi nachagua mnyororo, kwani malakiti ni jiwe laini lisilovumilia vishindo. Maji yasikosekane pipani, maana vumbi la malakiti lenye shaba hudhuru mapafu.