Kamera ya mtego kwa mtu wa kando ya ziwa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kijana anayelinda shamba la mama yangu mdogo kule Igombe, Mwanza, alikaa macho siku nne akimsubiri kiboko saa mbili usiku. Kamera ilikuwa imeandika 02:14 pembeni ya picha, naye akasoma kama mtu yeyote wa hapa anavyosoma: saa mbili na dakika kumi na nne. Basi ikifika saa mbili anawasha tochi, anapiga debe, na saa nne anaingia kulala roho imetulia. Saa nane na robo kiboko anapanda zake kutoka majini, anakula mahindi, anarudi. Kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa langu mimi niliyefunga kamera bila kumwambia kwamba yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane.

Naanza na hilo kwa sababu wanaoniuliza kuhusu kamera hizi huanza na megapikseli. Megapikseli ni ya mwisho kabisa. Huku kwetu kamera unainunua kwa ajili ya usiku: mnyama anapita usiku, mwizi anapita usiku, betri inaisha usiku. Kamera inayopiga picha safi saa sita mchana ni pambo.

Kwa asiyeijua: ni kijisanduku cha ukubwa wa redio ndogo, unakifunga mtini kwa mkanda. Mbele kina kihisi kinachosubiri joto linalotembea, lenzi, na taa ndogondogo za mwanga ambao jicho halioni vizuri. Kitu chenye joto tofauti na mazingira kikipita, kinajiwasha, kinapiga, kinalala tena. Soko lake kubwa ni wawindaji wa Marekani, ambao huzifunga wiki kadhaa kabla ya msimu ili wajue dume gani anapita, wapi na saa ngapi. Huko kwenyewe wamegawanyika: jimbo la Arizona lilipiga marufuku kuzitumia kuwindia kuanzia Januari 2022, kwa hoja kwamba mnyama habakiziwi nafasi yoyote. Watafiti nao wanazipenda. Hapo jirani Serengeti, mradi mmoja ulisambaza kamera 225 kuanzia mwaka 2010, na watu wa kawaida kupitia intaneti wakasaidia kutambua wanyama kwenye picha.

Ukiwa na leseni ya kuwinda, mwongozo huu unakufaa. Usipokuwa nayo, kumbuka kwamba kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na picha ya nguruwe pori kwenye simu yako si ruhusa ya kutega waya. Wengi wetu tunataka tu kujua nani anakula mahindi, nani anachukua kuku (mara nyingi kenge), fisi anapitia upande gani wa zizi, na nani anafungua nyavu za watu alfajiri.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ile ambayo ningemnunulia ndugu yangu.

Ya kwanza: ya kadi ya kumbukumbu, bei ya kati, mwanga usioonekana

Tafuta kwenye maelezo namba 940. Hiyo ni nanomita, kipimo cha wimbi la mwanga wa usiku, na maana yake ni kwamba kamera ikipiga gizani huoni mwanga wowote. Zenye namba 850 zinatoa wekundu hafifu, kama kaa la mkaa lililoanza kufa. Mnyama anaweza kuuzoea wekundu ule. Mwizi hauzoei, anaufuata. Mtu aliyekuja kuiba nyavu akiona nukta nyekundu mtini, usiku huohuo una hasara mbili, nyavu na kamera.

Gharama ya 940 ni kwamba mwanga wake haufiki mbali na picha ya usiku ina chengachenga zaidi. Kwa njia ya kiboko au tundu kwenye ua hilo si neno, maana mnyama utampata mita tano au sita mbele yako. Kampuni kama Browning na Bushnell zina matoleo ya namna hii, na nje huuzwa kwa takribani dola 100 hadi 200 kabla ya usafiri na kodi. Kinacholipiwa pale ni wepesi wa kihisi. Angalia muda wa kuamka: nusu sekunde au chini yake. Kamera inayochukua sekunde moja na nusu itakuletea mikia. Angalia pia inachukua muda gani kuwa tayari tena baada ya picha ya kwanza, jambo ambalo wauzaji hawalisemi, kwa sababu nguruwe pori hawatembei peke yao, na wa kwanza si lazima awe ndiye unayemtaka.

Ya pili: ya laini

Hii ina mahali pa kuweka laini ya simu, na kila ikipiga inakutumia picha. Kama shamba liko Sengerema na wewe unakaa Nyakato, hii ndiyo raha yenyewe, na pia inakupunguzia safari za kwenda kukanyaga njia ya mnyama kila wiki ukiacha harufu yako. Ningeiweka ya kwanza kama si mambo matatu.

Moja, nyingi zinazosifiwa mtandaoni zimetengenezwa kwa mitandao ya Marekani: zimefungwa kwa kampuni za kule, zinadai malipo ya mwezi kwa kadi ya benki, na masafa yao hayalingani yote na ya huku. Ukiagiza, dai toleo lisilofungwa, la 4G, la soko la Ulaya, Asia au Afrika, na umuulize muuzaji kama inakubali laini yoyote. Mbili, laini yenyewe inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo itakuwa kwa jina lako. Kamera ikiibwa na laini imo ndani, kaifungie siku hiyohiyo. Tatu, kutuma picha kunakula betri kuliko kupiga, na pale mtandao ulipo wa kusuasua kamera inahangaika kutafuta mnara usiku kucha. Kabla hujanunua, nenda na simu yako mpaka kwenye mti wenyewe na ujaribu kutuma picha. Nimesema kwenye mti. Penye mawe kama kwetu, hatua ishirini nyuma ya jabali zinatosha kukuondolea mtandao wote.

Halafu kuna mtego wa maneno. Kamera iliyoandikwa Wi-Fi au Bluetooth si ya laini. Hiyo inakuruhusu tu kusimama mita chache kutoka mtini na kuvuta picha kwenye simu bila kufungua kisanduku. Ni nzuri, lakini haitakufikishia picha mjini, hata muuzaji aape.

Ya tatu: ya wekundu hafifu

Sifa zilezile za ya kwanza, ila mwanga ni 850. Inaona mbali zaidi usiku na picha zake ni safi zaidi. Inafaa ndani ya eneo lenye uzio, au juu mahali mtu hafiki. Bei nayo huwa nafuu kidogo.

Ya nne: zile za watafiti

Reconyx ya Marekani ndiyo jina linalotajwa zaidi. Inaamka kwa robo sekunde au chini, inabeba betri 12, inakaa porini miezi. Inazidi dola 400. Ni kamera bora kuliko zote nilizotaja, na nimeiweka ya nne kwa sababu sioni heka mbili za mahindi zitakazoirudisha hela hiyo. Mwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii ana hesabu nyingine.

Pembeni ya mashindano: kamera ya ulinzi ya sola

Kwa banda la kuku, zizi, au vizimba vya samaki ziwani, usinunue kamera ya mtego kabisa. Chukua ile ya ulinzi yenye paneli yake ya sola na laini. Inazunguka, ina spika, unaweza kumkaripia mtu ukiwa kitandani. Porini haifai: inang'aa, ni kubwa, na inapenda kuwasha taa yake nyeupe.

Ya mwisho: vile vya bei chee

Vya dola 30 hivi, sandukuni vimeandikwa megapikseli 36 au 48. Ndani kihisi cha picha ni kidogo sana, zilizobaki zimejazwa na programu, kama chai iliyoongezwa maji. Nilinunua kimoja. Siku tisa, picha elfu moja na mia tisa na ushee, karibu zote za majani yakitikisika, na usiku wa saba mvua iliingia kupitia kwenye kifuniko cha betri. Kwenye picha zote hizo mnyama alikuwa mmoja: sungura, nusu. Hata hivyo kwa mtoto wa shule anayetaka kuona kinachopita nyuma ya nyumba, sawa.

Betri na kadi

Hapa ndipo watu wanapoharibu kamera nzuri. Nyingi zinatumia AA, zile za saa ya ukutani, nne mpaka nane. Betri za bei ya chini zinazotosha saa ya ukutani mwaka mzima zitakufa hapa mapema, kwa sababu taa ya usiku inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Dalili yake ni hii: picha za mchana zinakuja, za usiku ni nyeusi. Weka alkalaini halisi, au lithiamu za volti 1.5 zisizochajiwa, ambazo ni ghali lakini zinadumu mno. Za kuchaji za volti 1.2 zinakubalika kwenye kamera nyingi. Soma kijitabu chake kwanza. Usichanganye mpya na za zamani. Na jihadhari na betri ya lithiamu ya kuchaji iliyoandikwa 14500: ina umbo sawasawa na AA, lakini ni volti 3.7. Nane za namna hiyo zitaiunguza kamera yako.

Kadi ya GB 32 inatosha, na kamera nyingi za zamani hazikubali zaidi ya hapo. Ifute ndani ya kamera yenyewe, si kwenye simu. Nunua mbili, ili ukifika mtini ubadilishe tu na kuondoka.

Kuifunga

Vitabu vya Marekani vinasema elekeza kamera kaskazini. Wao jua liko kusini mwao mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo kaskazini au kusini zote sawa. Ogopa mashariki na magharibi, maana asubuhi na jioni jua litaingia lenzini moja kwa moja, na hizo ndizo saa za wanyama kutembea.

Ogopa pia mawe. Jabali lililochomwa na jua tangu asubuhi linaendelea kutoa joto mpaka usiku umeingia, na majani yakicheza mbele yake kihisi kinadhani kuna kitu kinatembea. Kata majani mita tatu mbele. Usifunge kwenye mgomba, unayumba. Mwembe ni mzuri.

Kwa nguruwe na fisi, urefu wa kiunoni. Kwa kiboko ifunge juu kupita kimo cha mtu, uiinamishe kidogo, na iwe pembeni ya njia yake. Usiielekeze kukata njia moja kwa moja wala kuitazama kwa mbele. Iwe ya mshazari, mnyama anayekuja akae kwenye picha muda mrefu. Picha tatu kwa mpigo zinatosha. Video ya usiku iache, inakunywa betri.

Kisha kila mwezi ifute uso. Buibui wanapenda kutanda mbele ya kihisi, sisimizi wanahamia ndani na mayai yao, na siku wale wadudu wa ziwani wanapopanda kama moshi, kesho yake kioo kimeganda.

Kwa wizi, mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kasha la bati nene lenye kufuli na tundu za lenzi, taa na kihisi. Ukiifunga penye njia ya watu, mwambie mwenyekiti kwanza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si yako kuirusha kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ana nyavu zako begani. Peleka polisi.

Na kabla ya kufunga kisanduku, weka tarehe na saa sawasawa. Nyingi zinakuja zimetanguliza mwezi, hivyo 04/07 ni tarehe 7 Aprili, si Julai. Ukienda na picha kwa mtendaji na afisa wanyamapori kuomba kifuta jasho, tarehe iliyopishana na ripoti yako itakutia aibu. Tazama pia kinachoonekana nyuma ya mnyama: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mahindi yanayopigwa picha na mawimbi nyuma yake yanajishtaki yenyewe.

Kubadilisha kadi nenda saa sita mchana, watu wawili, mkipiga kelele. Asubuhi na mapema, njia ile ina mwenyewe na hajafika majini bado. Kijana wa Igombe sasa ameandika kwa kalamu ya maka ndani ya kifuniko: TOA SITA.

"Na ikiandika saa mbili na nikitoa sita?" akaniuliza.

Nikamwambia ongeza kumi na mbili kwanza, ndipo utoe.