Oili ya injini kwa trekta la zamani: ipi ya kununua Dar

Massey Ferguson 135 na Ford 5000 yote yalianza kutoka kiwandani mwaka 1964, na bado yanalima Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo. Wenye nayo hushuka Kariakoo au Gerezani kutafuta spea na oili kwa safari moja. Dukani utaulizwa unataka ya bei gani. Wewe mtajie muuzaji namba na herufi.

Herufi ziko nyuma ya dumu, baada ya neno API. Inayoanza na C ni ya dizeli, inayoanza na S ni ya petroli. Kwa C, herufi ya pili ikisogea mbele ndivyo kiwango kinavyopanda: CF-4, kisha CH-4, kisha CI-4. Namba kama 15W-40 zinaeleza uzito: ya kwanza injini ikiwa baridi, ya pili ikiwa na moto. Dar hakuna baridi ya kutisha, kwa hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia.

Chaguo la kwanza: 15W-40 ya dizeli, CI-4 au CH-4. Ndiyo hiyo hiyo wanayotumia wenye malori, kwa hiyo inapatikana kila kona na haikai rafu mpaka ikaota vumbi. Ina visafishio vya kubeba masizi na kinga ya kutosha ya kusagika kwa vyuma. Usishtuke ikiwa nyeusi baada ya siku chache, dizeli ndivyo ilivyo. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia; zima trekta uite fundi.

Tahadhari moja kwa injini iliyokaa miaka na oili mbovu: visafishio vitabandua uchafu wote uliogandia ndani, na uchafu huo utaishia kwenye filta. Badilisha filta pamoja na oili, kisha mara ya kwanza usingoje muda wa kawaida. Mwaga mapema, injini ikiwa bado ina moto ili uchafu utoke na oili.

La pili: SAE 40 ya dizeli. Injini ikiwa na moto, uzito wake ni daraja moja na wa 15W-40. Tofauti ipo asubuhi: ni nzito zaidi, inachelewa kufika juu, hivyo liache trekta lingurume kidogo kabla ya kulitia kazini. Kwa joto letu inafaa kabisa. Angalia tu herufi, maana nyingi zinazouzwa ni za kiwango cha chini.

La tatu: STOU, oili moja ya injini, giaboksi na haidroliki. Inamfaa mwenye shamba asiyetaka madumu matatu stoo, ila kwa upande wa injini kiwango chake mara nyingi kiko chini ya CI-4. Usiichanganye na UTTO, ambayo ni ya giaboksi na haidroliki peke yake. Madumu yanafanana sana.

La nne: 20W-50, iwe na herufi C, na kwa injini iliyochoka tu, ile ambayo geji ya presha inashuka ikishapata moto. Inakununulia muda. Beringi zilizokwisha hazitibiwi na oili nzito.

CK-4 ziliundwa kwa injini zenye vichujio vya masizi kwenye ekzosi. Hazitalidhuru trekta, ila unalipia usichokitumia. Zile nyepesi za gari dogo, 5W-30 za petroli, achana nazo.

Na oili ya kupimiwa kutoka pipa lisilo na jina sinunui hata kwa nusu bei. Inaweza kuwa oili iliyokwisha tumika, ikachujwa tu. Dumu liwe na lakiri isiyoguswa, namba ya toleo, na alama ya ubora ya TBS. Ukishalimaliza, litoboe kabla ya kulitupa, maana madumu matupu yenye majina makubwa yana wanunuzi wake.

Kuhusu kiasi: Massey 135 ya dizeli hula kama lita 7, kwa hiyo dumu la lita 5 halitoshi. Ukinunua ndoo ya lita 20 unapata karibu kumwaga mara tatu, na kwa kawaida lita inashuka bei. Jaza polepole ukitazama kijiti, trekta likiwa mahali tambarare.