Lyulilo hadi Ikombe kwa miguu: mlima wa Matema kwa asiye na gari

Sisi wa Mbeya mjini tukisema tunakwenda Matema, kwenye Ziwa Nyasa, tunamaanisha mchanga, maji na samaki wa kuchoma. Sina ugomvi na hayo. Ila ule mlima uliosimama nyuma ya ufukwe, Milima ya Livingstone inayoshuka moja kwa moja hadi majini, ndio uliostahili nauli yangu, na nashangaa watu wanaupa kisogo siku nzima.

Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa. Gari sina, na goti langu la kushoto lina maneno yake. Nilikwenda na mtoto wa dada yangu kwa usafiri wa kila mtu: Kosta ya Kyela kutoka stendi ya Nane Nane. Ukiweza, kaa dirisha la kushoto, maana kabla ya Tukuyu ndiko uliko Mlima Rungwe, na kukiwa hakuna ukungu utauona wote. Baada ya Tukuyu chai na migomba inaanza kuachia kakao na mpunga, na sweta ulilovaa asubuhi linageuka mzigo. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwani hazifiki hata 500. Kyela unapanda gari dogo linalopitia Ipinda. Siku hizi ni lami hadi Matema, lakini gari haliondoki mpaka lijae, na kujaa kwa kule si kujaa kwa Mwanjelwa. Beba subira na karanga.

Nendeni Ijumaa mlale, ili Jumamosi iwakute huko. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, kijiji kilicho mashariki ya Matema, unafika kwa kufuata ufukwe. Vyungu hivyo vinafinyangwa na kina mama wa Kikisi kule Ikombe, na njia ya Ikombe ndiyo hii ninayoisifia.

Tuliondoka Lyulilo kabla jua halijapata nguvu. Njia ni nyembamba, mkono wa kulia ziwa, wa kushoto mlima, na inapanda na kushuka bila kukuuliza. Kuna sehemu mawe yamelegea; kandambili waachie wenyeji, ambao walitupita nazo wakiwa na mizigo kichwani huku wakitusalimia vizuri. Tulimwomba kijana aliyetuongoza atupandishe kwenye bega la mlima, nje ya njia yenyewe. Hapo nilikaa chini, na si kwa sababu ya goti. Uwanda wote wa Kyela uko mbele yako, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inaingia ziwani kila mmoja na maji yake. Ng'ambo ni Malawi. Chini ya miguu maji ni ya buluu iliyokolea hata karibu na mwamba, kwa sababu hapo hakuna kina kifupi cha kuchezea. Ziwa hili penye kina kirefu zaidi linafika mita 700 hivi. Mbali tuliona kitu kama moshi umesimama juu ya maji. Mpwa wangu akasema meli inaungua. Yule kijana akacheka: "Kungu hao, mama." Wadudu wadogo, mabilioni, na wakifika nchi kavu watu huwakusanya wakawala. Sikuonja, sikubahatika.

Kuhusu kiongozi, nasema ukweli wangu. Njia anaijua, na penye mteremko alinishika mkono kwa heshima. Lakini alitembea kama anawahi mtihani, na tuliporudi bei ikawa imeota mbawa: tulichopatana asubuhi kikawa "cha njia tu", bega la mlima akalidai peke yake. Nikamwambia, mwanangu, nguo nikishapima bei haiongezeki kwa sababu umenenepa njiani. Akacheka, tukamalizana kwa ile ile ya mwanzo. Patana kila kitu kabla ya kuondoka, pamoja na kupanda juu na kurudi.

Ikombe yenyewe ni ndogo na hakuna mgahawa wa kukungoja. Nunua chapati na maji Matema. Kurudi unaweza kukodi mtumbwi, lakini uwe wa asubuhi. Mchana upepo ukiamka mawimbi si ya mchezo, na kama huogelei, miguu ni salama zaidi. Masika usijaribu, Kyela mvua yake mnaijua na mawe yale yakilowa yanateleza. Juni hadi Oktoba ndio wakati wake. Jioni nilikula samaki mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela, na sitaeleza zaidi maana aliyewahi kula anajua. Chandarua kikague kabla ya kulala, nyumba nyingine zina vyenye matundu.

Nyota nne. Ya tano ningeitoa kama kungekuwa na kibao hata kimoja cha kuonyesha njia, na choo pale sokoni.

Na ukinunua chungu kikubwa, ulizia nauli yake kwa konda kabla hujapanda. Changu kililipiwa kiti, halafu nikaambiwa nikipakate.