Wakili aliyenitetea baada ya kumlalamikia shefu wangu (uzoefu wangu, Lubumbashi)
Nilifanya kazi miaka minne kwenye depo ya kampuni inayouzia migodi vifaa, upande wa Kampemba. Shefu mpya alianza na maneno, akaja kwenye mikono, mwisho akaniambia waziwazi kwamba nikikubali kutoka naye atanipandisha cheo. Tarehe 5 Machi nikamwandikia mkurugenzi. Mama mmoja wa avenyu yetu alikuwa ameniambia nibebe kopi mbili, moja wanipigie muhuri nibaki nayo. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu kopi ile ndiyo iliyobeba kesi nzima.

Ndipo barua za kuomba maelezo zikaanza. Tatu ndani ya siku kumi: nimechelewa, nimepoteza glavu, nimemjibu shefu vibaya. Mwisho wa mwezi nikafukuzwa, wakanisukumia hesabu ya mwisho nisaini palepale. Nilikataa. Nililia njia nzima hadi Katuba.

Dada yangu akanipeleka kwa wakili anayesali naye. Watu wote walikuwa wakiniuliza kwanza shefu alinigusa wapi. Metre, ndivyo tunavyomwita wakili, hakuuliza hivyo. Alitandaza barua mezani kwa kufuata tarehe, ile yangu yenye muhuri akaiweka mbele, akazungushia kalamu: 5, 9, 12, 15. "Miaka minne, mama, hakuna hata barua moja ya lawama. Umelalamika, zimekuja tatu. Kesi yetu ni hii." Akanisomea kifungu cha 62 cha Kodi ya Kazi, yaani sheria ya kazi ya Kongo, ya 2002: kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mfanyakazi. Nikamwomba asome tena.

Nilidhani tutakwenda tribinali moja kwa moja, kumbe hapana. Lazima kwanza mkutanishwe mbele ya insipekta wa kazi. Mkishindwana anaandika hati ya kutopatana, ile tunaita peve, na bila hiyo tribinali ya kazi haikupokei. Metre alinieleza pia kwamba unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai tangu sheria ya 2006, akaniuliza kama nataka kwenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Mwenzangu aliyeona kila kitu aliogopa, ana watoto watano, na mimi peke yangu sikuthubutu. Jambo hilo linaniuma bado. Metre hakunilazimisha.

Kikao cha kwanza kwa insipekta, kampuni ilimtuma kijana asiye na barua ya kuiwakilisha, tukarudi nyumbani. Cha pili walikuja na wakili wao na habari ya glavu. Metre akaomba fishi ya depo, karatasi ya kusainia vifaa, ya siku glavu zilipopotea. Saini haikuwa yangu: siku hiyo nilikuwa hospitali na mtoto, na risiti ya hospitali ilikuwa kwenye faili, maana alikuwa ameniambia nisitupe karatasi yoyote. Chumba kilinyamaza.

Tukapatana palepale: preavizi (malipo ya muda wa notisi), likizo nilizokuwa sijachukua, na fidia ya mishahara ya miezi 8. Sheria inaruhusu fidia hadi miezi 36, na Metre alinieleza bila kunificha kwamba tribinali ingeweza kunipa zaidi, au kunichelewesha sana. Nilichagua mwenyewe. Kazi sikurudishiwa, wala sikuitaka tena karibu na mtu yule.

Kilichonichukiza ni pesa. Siku ya kwanza hatukuandika makubaliano ya malipo, baadaye ikawa leo transipoti, kesho faili. Wakili akuandikie kiasi chote kabla hujatoa hata dola moja. Asiye na uwezo aulizie ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha mawakili. Simu pia Metre hapokei. Ukimtaka, mfuate biro kabla ya saa mbili asubuhi, hajatoka kwenda mahakamani, na ubebe karatasi zako zote, hata risiti ya hospitali.