Bachi za taiko: geuza kijiti, tazama nyuzi, ndipo utoe pesa

Malalamiko yanayonifikia kuhusu bachi, vile vijiti vya kupigia taiko, ngoma za Kijapani, ni yale yale. Mtu ananunua jozi mpya, anaenda mazoezini, na kabla mwezi haujaisha kijiti kimeanza kubanduka vibanzi. Dada mmoja anayepiga na kikundi huko California alinitumia picha: kibanzi kirefu kama sindano kimeingia chini ya kidole gumba, na kwenye ngozi ya ngoma kuna mkwaruzo wa kutia huruma. Muuzaji akamjibu kwamba anapiga vibaya.

Hapigi vibaya. Kauziwa mbao iliyokatwa ovyo.

Urefu na unene sitavigusa, mwalimu wako atakupa vipimo. Mimi nina neno moja tu: nyuzi za mbao. Zinatakiwa zitembee sambamba na kijiti toka ncha hadi ncha. Ukipiga "don" katikati ya ngozi, kijiti hakiumii sana. Balaa ni "ka", unapogonga ukingo wa ngoma. Nyuzi zikiwa zinakimbilia ubavuni, kila "ka" inazifungua kidogo, mpaka siku moja kipande kinaruka. Kiinue kijiti usawa wa jicho karibu na dirisha, ukizungushe polepole. Mistari ikitokea ubavuni kabla ya kufika katikati, kirudishe. Kisha pitisha kucha kwenye ncha. Kona ikikwaruza, haikupigwa msasa vya kutosha, na itakula ngozi.

Na ngozi si ya kuchezea. Shime-daiko, ile ngoma ndogo ya sauti kali, ikilegea unakaza kamba au bolti, mambo yanaendelea. Nagado-daiko, ile ya gogo moja lililochimbwa, ngozi yake ya ng'ombe imepigiliwa misumari kuzunguka mdomo. Ikichanika hakuna cha kukaza: ni kung'oa misumari yote na kuwamba upya, na bili yake utaikumbuka.

Namba moja kwangu ni kashi, mwaloni wa Kijapani, kutoka kwa watengenezaji Asano Taiko. Ni mbao nzito, ngumu, inayofaa nagado ya ukubwa wa kati, na ikichongwa nyembamba inafaa shime. Asano wako Hakusan, mkoa wa Ishikawa, Japani, na kazi yao ya ngoma inahesabiwa tangu 1609. Ndiyo, nawapendelea, sifichi. Walifungua hata tawi Torrance, California, kwa hiyo walio upande ule wanaweza kushika kijiti mkononi kabla ya kulipa. Anayepita Tokyo aende Asakusa kwa Miyamoto Unosuke, watengenezaji wa tangu 1861. Atahudumiwa vizuri, ila moyo wangu uko Ishikawa.

Namba mbili ni hinoki, saipresi ya Kijapani, lakini kwa odaiko tu. Ngoma kubwa hiyo inataka kijiti kinene, na kashi ya unene ule ingekumaliza mabega. Hinoki ni nyepesi, laini, na inanukia vizuri ajabu. Itabonyea na kuota manyoya nchani, hilo ulikubali mapema na uweke msasa kwenye mkoba. Usiipeleke kwenye shime; ukingo wake mgumu utaitafuna.

Ya tatu ni ho, mbao ya jamii ya magnolia. Ni nyepesi, nzuri kwa watoto na kwa wenye viganja vinavyouma. Basi.

Vijiti vya mviringo vya duka la vifaa vya ujenzi? Mashine inakata mbao bila kujali nyuzi zinaelekea wapi. Vya kufanyia mazoezi nyumbani kwa kupiga tairi kuukuu, sawa.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa mtandaoni wanaoandika "mbao ngumu bora" bila kuutaja mti. Mti gani? Ukiuliza, kimya. Picha ni ya jozi moja iliyonyooka safi, inayokufikia ni nyingine kabisa, tena imepakwa vanishi inayoteleza ukitoka jasho. Halafu gharama ya kutuma inaizidi bei ya bachi zenyewe! Mtake akupigie picha jozi ile ile atakayokutumia, ubavuni, pande zote. Na agizeni kama kikundi, jozi kumi katika kifurushi kimoja, mgawane hiyo nauli ya wizi.